Mota ya Pampu Ikiungua Mwanza: Isukwe, Ibadilishwe au Ununue Mpya?

Nyumba nyingi za Mwanza zina mota moja ambayo ikisimama, shughuli zote za nyumbani husimama nayo: mota ya pampu ya maji. Ziwa Victoria liko pale chini, wengine wanaliona dirishani, lakini Isamilo, Bugarika, Igogo na Mabatini zimepanda juu ya mawe. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yakija kwa mgao hujaza simtanki ya chini, kisha pampu ndiyo inayoyapandisha kwenye simtanki ya juu. Chanzo cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kimekuja kusaidiana na kile cha Capri Point, na maji mjini yameongezeka. Mlima, hata hivyo, uko palepale, na pampu bado inahitajika.

Siku mota inapoungua, mwenye nyumba hupewa ushauri wa aina tatu ndani ya saa moja. Fundi anasema, "Bosi, hii tunaisuka, inarudi kama mpya." Muuza duka anasema kusuka ni kutupa hela, chukua mpya. Jirani anasema nunua ya bei rahisi, ikifa unatupa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hakuna kati yao aliyekuuliza swali la kwanza: mota hii imeuawa na nini?

Mota ya pampu ya nyumbani ni nadra kufa kwa uzee. Huuawa, na muuaji mara nyingi yuko nje yake: tanki lililokauka, umeme mdogo, bomba jembamba, au pampu isiyolingana na mlima. Ukimwacha muuaji huyo, uamuzi wowote utakaoufanya, wa kusuka au wa kununua, utaulipia tena. Kwa hiyo tutalinganisha njia zote kwa hesabu, lakini tukianzia pale pesa inapookolewa zaidi.

Kwanza: imekufa kweli?

Mota ya pampu ni chombo rahisi kukielewa. Ndani yake kuna koili za waya zilizotulia, mhimili (shafti) unaozunguka katikati, beringi mbili, sili inayozuia maji yasivuke kutoka upande wa pampu, feni ya nyuma na kapasita inayoisaidia kuanza. Kati ya hivyo, ni koili peke yake zinazohitaji kusukwa. Vingine vyote ni vipuri vya bei ndogo.

Zima umeme kwenye breka, kisha fungua kifuniko cha feni na uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi, lakini ukiwasha mota inanguruma bila kwenda, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita. Thamani yake imeandikwa ubavuni kwa maikrofaradi. Kwa pampu nyingi za nyumbani huwa kati ya 8 na 25. Weka mpya yenye thamani ileile na volti zisizopungua zile za awali. Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo mwachie fundi aishike.

Ikiwa shafti haisogei kabisa, huenda impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, imeganda kwa kutu au mchanga, hasa kama pampu ilikaa muda mrefu bila kazi. Ikiwa inazunguka kwa sauti ya kusaga, beringi zimekwisha. Ukiona maji yanadondoka kwenye nafasi iliyo kati ya pampu na mota, sili imechoka. Hilo la mwisho usilivumilie hata wiki moja, kwa sababu maji hayo huingia kwenye beringi, kisha kwenye koili. Sili ya bei ndogo iliyopuuzwa ndiyo inayozaa gharama ya kusuka.

Dalili za koili zenyewe ni harufu ya kuungua, waya zilizokuwa nyekundu sasa ni nyeusi, na breka inayokatika kila unapowasha. Hata hapo usikubali kwa macho tu. Fundi anayejua kazi yake atatumia mega, kipimo kinachopeleka volti 500 ili kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi. Kikisoma chini ya megaomu 1, mota hiyo haifai kuwashwa. Wakati mwingine ni unyevu tu, na kuikausha vizuri kunairudisha.

Jambo moja zaidi, kwa sababu watu wanatozwa kwa ajili yake: pampu ya kawaida ya maji haina brashi za kaboni. Brashi ziko kwenye drili, grinda, blenda na mashine za kufyonza vumbi. Ukiambiwa "brashi za pampu yako zimeisha", tafuta fundi mwingine.

Njia nne zilizopo

Njia ya kwanza ni kubadili kipuri: kapasita, beringi au sili. Hii haihitaji mjadala. Ikiwa koili ni nzima, fanya hivyo, hata kama pampu ni ya bei rahisi. Badilisha beringi zote mbili kwa pamoja, na ukishafungua upande wa maji weka sili mpya, maana gharama kubwa ya kazi hii ni muda wa fundi, na muda huo umeshaulipia.

Njia ya pili ni kusuka. Fundi anatoa waya zilizoungua, anahesabu mizunguko yake, anapima unene wake, kisha anasuka upya. Kazi nzuri hurudisha mota karibu na hali yake ya kiwandani. Kazi mbaya hutoa mota inayowaka siku ya kwanza, inayochemka kila siku, na inayokufa ndani ya miezi michache.

Njia ya tatu ni kununua mota peke yake. Kwa pampu ndogo za nyumbani njia hii karibu haipo, kwa sababu mota na pampu hutumia shafti moja na huuzwa pamoja. Inawezekana kwenye pampu kubwa ambazo mota imeunganishwa kwa kapulingi, na kwenye pampu za visima virefu. Mota nyingi za kuzamishwa za inchi 4 zimetengenezwa kwa kipimo kimoja cha maungio kinachotumika duniani kote, kwa hiyo mota ya kampuni moja mara nyingi huingia kwenye pampu ya kampuni nyingine. Ukiambiwa lazima ununue seti nzima ya kisima kwa sababu mota imeungua, omba kwanza maungio yapimwe.

Njia ya nne ni pampu mpya nzima. Faida yake ni haraka: inanunuliwa asubuhi, jioni maji yako juu. Hasara yake ni kwamba watu hununua kwa kufananisha rangi na ukubwa, wakarudia kosa lililoiua ile ya kwanza.

Hesabu inayoamua

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo chukua bei ulizotajiwa wewe na uzipitishe kwenye kanuni hii: gawanya gharama yote ya kusuka kwa bei ya pampu mpya unayoifikiria. Jibu ndilo sehemu ya maisha ya pampu mpya ambayo mota iliyosukwa inapaswa kuishi ili usipate hasara.

Tuseme, kwa mfano tu, kusuka pamoja na beringi na sili ni shilingi 60,000. Pampu mpya ya bei rahisi ni 110,000, na pampu mpya ya bodi nzito, ya ubora kama uliokuwa nao, ni 300,000.

– Ukilinganisha na ile rahisi: 60,000 kwa 110,000 ni asilimia 55. Mota iliyosukwa lazima iishi zaidi ya nusu ya maisha ya pampu mpya. Ikiwa hata iliyokufa ilikuwa ya aina hiyo rahisi, yenye bodi nyembamba na impela iliyokwisha kulika, hiyo ni bahati nasibu. Nunua mpya.

– Ukilinganisha na ile nzito: 60,000 kwa 300,000 ni asilimia 20. Ikiwa mpya ingeishi miaka kumi, iliyosukwa inatakiwa kuishi miwili tu. Hapo kusuka kuna maana kubwa.

Kwa hiyo kadiri pampu inavyokuwa bora, ndivyo kusuka kunavyolipa. Watu wengi hufanya kinyume chake: husuka pampu ya bei rahisi mara tatu kwa sababu "ni hela ndogo", na huitupa ile nzito kwa sababu "imezeeka". Bodi ya chuma cha kumimina na impela ya shaba ya njano ni mali. Usiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kupiga hesabu hii.

Ongeza gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote: siku za kukaa bila maji. Tuseme dumu la lita 20 linakufikia mlimani kwa shilingi 500, na familia inatumia madumu kumi kwa siku. Hiyo ni 5,000 kila siku. Fundi akikaa na mota yako siku tano, kusuka kwa 60,000 kumekuwa 85,000, na asilimia 55 imekuwa 77. Ndiyo maana swali la "lini nitaipata?" lina uzito sawa na la "bei gani?". Na kwa familia nyingi dumu hilo linabebwa kichwani na mama au binti, kwa hiyo gharama yake halisi ni kubwa kuliko shilingi.

Anayetoka Sengerema au Buchosa kuleta mota mjini aweke pia nauli ya safari mbili. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kivuko cha Kigongo–Busisi hakimkwamishi tena, lakini nauli na siku vinabaki.

Vipi kuhusu umeme?

Wauzaji hupenda kusema, "Hii inakula umeme kidogo." Tupime uzito wa hoja hiyo. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 30 kunahitaji kazi ya uniti 0.08 tu. Pampu ndogo za nyumbani hupoteza nguvu nyingi. Tukikadiria kwamba inatumia vizuri asilimia 20 tu ya umeme inaovuta, itakula uniti 0.4. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na kama 356 pamoja nazo. Kwa hiyo kila lita 1,000 hupanda kwa shilingi zisizofika 150.

Familia inayotumia lita 500 kwa siku itatumia uniti kama sita kwa mwezi kwa ajili ya pampu, yaani shilingi 2,100 na kidogo. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 35 ingeshusha hadi takribani 1,250. Tofauti kwa mwaka haifiki 11,000. Ni pesa, lakini haitoshi kukufanya uitupe mota nzuri.

Isipokuwa uko kundi la D1, lile la matumizi madogo. Hapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi ni 350, bila kodi na tozo. Kama umeme wako uko ukingoni mwa 75, uniti sita za pampu zinaweza kuwa ndizo zinazokuvusha. Pampu inayowaka na kuzima usiku kucha kwa sababu valvu inarudisha maji inaweza kukuvusha kwa urahisi zaidi. Kuziba uvujaji huo kunaokoa kuliko kubadili aina ya pampu.

Ukiamua kusuka: maswali ya kumuuliza fundi

Uliza waya ni wa nini. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Alumini ina kama asilimia 61 tu ya uwezo huo. Mota iliyotengenezwa kwa waya wa shaba ikisukwa kwa alumini ya unene uleule itachemka. Kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaodanganya macho. Kwangua kipande kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, si shaba. Mwambie fundi akuachie kipande cha waya uliotumika na ule uliotolewa, uvilinganishe.

Uliza koili za zamani zitatolewaje. Zinatakiwa kukatwa na kuvutwa. Kuichoma mota kwenye moto wa mkaa ili waya zilegee huharibu mabati membamba ya ndani, na mota hiyo itachemka maisha yake yote hata isukwe na fundi hodari namna gani.

Uliza kuhusu karatasi za kuhami, na kama itapakwa vanishi na kukaushwa kwa joto. Mota iliyosukwa asubuhi na kukabidhiwa mchana haijakauka.

Uliza kinga ya joto. Pampu nyingi huja na kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya koili ambacho hukata umeme mota ikichemka. Wakati wa kusuka ni rahisi kukiacha nje, na mota inarudi nyumbani bila kinga yoyote. Hakikisha kimerudishwa.

Mwisho, ipimwe mbele yako ikiwa inasukuma maji. Ampea zinazosomeka zisizidi zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Fundi asiye na kipimo cha ampea hawezi kukuhakikishia kazi yake, na hilo si suala la heshima wala dharau. Vijana waliopita VETA pale Nyakato wanafundishwa kupima. Wape kazi wanaopima, na uwalipe bila kuwakandamiza, kwa sababu kazi ya kusuka vizuri ni ya mikono na subira.

Ukiamua kununua: soma kibati

Kibati kilichobandikwa kwenye mota kinasema mengi kuliko muuzaji. Anza na nguvu. Nguvu farasi moja ni wati 746. Ukikuta pampu imeandikwa "1 HP" kisha ampea 2.5, piga hesabu hapohapo: volti 230 mara 2.5 ni wati 575. Umeme unaoingia hauwezi kuwa mdogo kuliko kazi inayotoka. Kibati hicho kinadanganya. Mota ya kweli ya farasi moja huvuta ampea kama tano. Iinue pia: mota yenye shaba na chuma cha kutosha ni nzito.

Kisha angalia Hmax na Qmax. Hmax ni kimo ambacho maji yatafika, lakini kwenye kimo hicho hayatoki hata tone. Qmax ni wingi wa maji pampu ikiwa haipandishi chochote. Huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja. Pima mlima wako: kutoka tanki la chini hadi tanki la juu, kisha ongeza msuguano wa bomba, hasa kama ni refu na la nusu inchi. Nyumba ya Buhongwa kwenye tambarare na nyumba ya Bugarika juu ya jiwe hazinunui pampu moja, hata kama familia zao zina idadi sawa.

Kwa mlima mkali na maji machache, pampu ndogo zenye impela ya meno hupandisha juu kwa nguvu ndogo, lakini hazivumilii mchanga: nafasi ndani yake ni finyu mno, na punje chache huzila. Kwa kimo cha wastani na maji mengi, pampu ya sentrifuga ya impela pana huvumilia zaidi na hutumia umeme vizuri zaidi. Kwa kisima kirefu au tanki la chini ya ardhi lenye kina, ni pampu ya kuzamisha.

Hapa pana jambo la Mwanza lenyewe. Pampu iliyo juu ya maji haivuti maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande. Usawa wa bahari hewa inaweza kuyapandisha kama mita 10. Mwanza iko takribani mita 1,140 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo hicho kinashuka hadi kama mita 9 kwenye karatasi. Katika kazi halisi tegemea mita 6 hadi 7. Ikiwa maji yako chini zaidi ya hapo, hakuna pampu ya juu itakayokusaidia, hata ya farasi tatu.

Pesa ya ulinzi ndiyo ya kwanza

Muuaji wa kwanza ni tanki lililokauka. Pampu inapozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Tanki la chini likiisha na pampu ikaendelea kuzunguka, sili huungua kwanza, kisha maji yakirudi yanaingia kwenye mota. Swichi ya boya kwenye tanki la chini huzima pampu kabla ya hapo. Nyingine kwenye tanki la juu huizima likijaa. Zipo pia swichi za presha zinazohisi ukavu zenyewe.

Muuaji wa pili ni umeme mdogo. Nguvu ya mota ya kuzunguka hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu zake, lakini mlima haukupungua. Inavuta ampea zaidi, inachemka. Na kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango hupunguza maisha ya koili kwa takribani nusu. Kifaa cha kukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi ni cha lazima kwa nyumba zilizo mwisho wa laini. Kabla ya kuilaumu TANESCO, pima waya wako mwenyewe: pampu iliyofungwa mita 60 kutoka kwenye mita ya umeme kwa waya mwembamba inajipunguzia umeme yenyewe.

Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Unanyonya maji ya jirani, bomba lililopasuka linaweza kuvuta uchafu ndani, na siku maji yasipokuja pampu yako itazunguka kavu.

Wa ufukweni na bustani

Wakulima wa mboga wanaovuta maji ziwani, kuanzia Ilemela hadi Magu, wana muuaji wa ziada: magugu maji na mchanga. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalisumbua hata vivuko vya Kigongo–Busisi. Kichujio cha pampu hakiwezi kushindana nayo. Weka mdomo wa bomba ndani ya pipa lenye matundu lililofungwa wavu, lielee mbali na ukingo, na ulisafishe kila siku ya kumwagilia.

Usijenge nyumba ya kudumu ya pampu kando ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ziwa lenyewe lina tabia ya kudai nafasi yake: Mei 2020 lilipanda kuliko rekodi ya 1964. Mota iliyozama hakuna dhamana inayoilipa. Iweke kwenye kigari au kwenye fremu inayobebeka.

Kwa mwenye pampu ya petroli anayefikiria sola, hesabu ni ileile ya kugawa: gharama ya kuanzia kwa miaka ya kutumia, ukilinganisha na lita za petroli unazochoma kila msimu. Anayemwagilia kila siku sola humlipa mapema. Anayemwagilia wiki chache kwa mwaka bora aendelee na petroli au azungumze na jirani wanunue pamoja.

Dai haki yako dukani

Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na modeli, si "pampu" tu. Dai dhamana kwa maandishi: ya muda gani, na inafunika nini. Dhamana nyingi hazifuniki mota iliyoungua kwa kukauka, jambo linalorudisha umuhimu wa ile swichi ya boya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kifanane na maelezo ambayo kiliuzwa nayo. Kibati cha "1 HP" kwa mota ya nusu ni uvunjaji wa hilo. Bidhaa bandia peleka taarifa Tume ya Ushindani, na ya ubora hafifu TBS. Usinyamaze kwa sababu ni "hela ndogo". Pampu bandia uliyoikubali wewe ndiyo itakayouzwa kesho kwa mama mjane wa mtaa wa pili.

Uamuzi kwa ufupi

Koili nzima: badili kipuri, kwa pampu yoyote.

Koili zimeungua, pampu ndogo ya bei rahisi: nunua mpya, lakini yenye kibati kinachokubaliana na mlima wako.

Koili zimeungua, pampu nzito yenye bodi na impela nzima: isuke kwa shaba, kwa fundi anayepima na kukausha.

Mota ya kisima kirefu: linganisha mota mpya peke yake na kusuka, ukikumbuka kwamba kuing'oa na kuishusha utalipa tena kila inapofeli. Mara nyingi mota mpya inashinda.

Na kwa wote: mfukoni tenga kwanza fedha ya swichi ya boya na kinga ya volti. Inayobaki ndiyo ya mota. Kama haitoshi vyote viwili, chukua mota ya bei ya chini yenye ulinzi, acha ya bei ya juu isiyo nao. Ile ya kwanza itakuwa bado inasukuma maji wakati ya pili inarudi kwa fundi.